Kwa Anga la Maniema, Anzeni na Jumeli

Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025, kuanzia saa moja na nusu usiku hadi karibu saa tatu, kivuli cha dunia kiliufunika mwezi wote. Huku Maniema ya kusini, kutoka Nyangwe hadi Kasongo, kutoka Kabambare hadi Salamabila, tukio lile liliangukia saa nzuri kabisa: watoto hawajalala, sufuria bado ziko motoni, watu wako uani. Popote mawingu yaliporuhusu, mwezi ulionekana umegeuka mwekundu wa kutu. Hakukuwa na kiingilio wala kibali.

Baada ya mambo ya namna hiyo, swali la vijana huwa ni lilelile: darubini tutaipata wapi? Jibu langu ni kwamba darubini tuiache kwanza. Tutafute jumeli, ile darubini ya macho mawili ambayo maofisa wa jeshi huivaa shingoni na walinzi wa mbuga huitumia kutazamia wanyama. Kwa mtu anayeanza kuzisoma nyota, hasa akiwa Kasongo au Kabambare, hakuna chombo kinachoizidi. Na naongeza: kila shule ya sekondari, kila parokia na kila msikiti mkubwa wa eneo letu ungefaa kuwa na moja, iwe mali ya wote.

Tuanze na chombo chenyewe. Kwenye kila jumeli kumeandikwa namba mbili, kwa mfano 7x50 au 10x50. Ya kwanza inaeleza kitu kinakuzwa mara ngapi; ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Wanunuzi wengi hukimbilia ile ya kwanza wakidhani kubwa ndiyo bora. Usiku, ya pili ndiyo yenye kazi. Mboni ya jicho la kijana ikishazoea giza hufunguka hadi milimita 7 hivi. Kioo cha milimita 50 hukusanya mwanga mara 50 hivi zaidi ya mboni hiyo, na nyota ambazo jicho halikujua kama zipo zinajitokeza.

Kuna hesabu nyingine ndogo ambayo kila mnunuzi anapaswa kuijua. Gawanya namba ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa mwali wa mwanga unaotoka kwenye kioo cha nyuma kuingia jichoni. Jumeli ya 7x50 hutoa mwali wa milimita 7, unaotosha jicho la kijana. Ya 10x50 hutoa milimita 5, na hiyo inawafaa wazee pia, kwa kuwa mboni ya mtu mzima mara nyingi haifunguki tena kupita hapo. Ukivuka ukuzaji wa mara 10, mkono unakuwa adui: hata mapigo ya moyo yanatikisa nyota, na huoni kitu bila kuegemeza chombo.

Darubini za bei ndogo, zile zinazouzwa kama zawadi ya mtoto, zina matatizo yake. Miguu yake hutetemeka, nyingi huonyesha vitu juu chini, na hufunua kipande kidogo mno cha anga, hata anayeanza humaliza jioni akiutafuta mwezi. Jumeli huonyesha kitu kikiwa wima, kwa macho yote mawili, na eneo inalolifunua lingetosha kupanga miezi mipevu zaidi ya kumi kwa mstari. Ukielekeza mahali, unaona mahali. Tena kukipambazuka kazi yake haijaisha: inatazama ndege, mitumbwi ya Lualaba, na mtu anayekuja kutoka ng'ambo.

Kasongo iko nyuzi nne na nusu hivi kusini mwa ikweta, na Kabambare iko chini yake kidogo tu. Maana yake ni kwamba ndani ya mwaka mmoja karibu anga zima hupita machoni petu. Mkazi wa Brussels hawezi kuuona Msalaba wa Kusini asiposafiri. Mkazi wa Cape Town humkosa Dubu Mkubwa, au humwona nusu. Sisi, jioni za mwezi wa tano, tunasimama uani tukaviona vyote viwili: Msalaba upande wa kusini, Dubu upande wa kaskazini. Jioni hizohizo, si mbali na Msalaba, kuna doa hafifu ambalo jicho hulipita bila kulijali. Wanaastronomia huliita Omega Centauri. Kwenye jumeli linakuwa duara la mwanga mlaini, na duara hilo ni mkusanyiko wa mamilioni ya nyota, ulio umbali wa miaka ya nuru yapata 17,000.

Kiangazi ndicho msimu wetu mkuu. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, mapema usiku, kundi la Nge hupita karibu na utosi. Moyo wake ni nyota nyekundu, Antares. Fuata mwili hadi kwenye mwiba wa mkia, kisha inua jumeli. Hapo pana kundi la nyota ambalo Ptolemy wa Aleksandria alikwisha kuliandika katika karne ya 2, na lote linaingia kwenye jumeli kwa mara moja. Sogea kidogo kuelekea Mshale na umelenga kitovu cha Njia ya Maziwa, umbali wa miaka ya nuru 26,000 hivi. Watu wa miji mikubwa ya dunia wamelipoteza eneo hili kwa sababu ya taa zao. Sisi tunalipata tukiwa mlangoni.

Kasoro ya kiangazi ni moshi. Nyasi na mashamba yanapochomwa, upeo wote huingia ukungu wa kahawia, na nyota za chini hufa. Basi tazama juu, karibu na utosi, au ngoja mvua za kwanza. Usiku mvua ikishakatika na mawingu yakafunguka, hewa huwa imeoshwa, na saa moja ya anga la namna hiyo inazidi wiki nzima ya moshi. Katikati ya masika, kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa pili, mapengo hayo ya mawingu hutupa Orioni akiwa juu kabisa, na chini ya mkanda wake wingu la gesi ambamo nyota mpya zinazaliwa hadi leo.

Na hutupa Kilimia. Wakulima wa pwani walipangia kazi za shamba kwa kundi hili, na wana methali yake: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa macho matupu mtu wa kawaida huhesabu nyota sita. Mwenye macho makali hufika saba au zaidi. Mwaka 1610 Galileo alitumia darubini yake ndogo, akachora 36. Mpe leo mtoto wa Kasongo jumeli ya 10x50, naye atazikuta makumi kadhaa, nyeupe zenye kukaribia samawati, zote ndani ya duara moja. Mwanga huo uliondoka huko yapata miaka 440 iliyopita, karne kadhaa kabla ya msafara wowote wa pwani kufika ukingoni mwa Lualaba.

Galileo huyohuyo, mwezi wa kwanza 1610, aliona nyota ndogo zilizojipanga pembeni mwa Mshtarii, na kila usiku zilikuwa zimehama. Zilikuwa miezi minne inayoizunguka sayari hiyo, na kuanzia hapo ikawa vigumu kushikilia kwamba kila kitu angani kinaizunguka dunia. Jumeli iliyotulizwa vizuri inaonyesha miezi ileile. Mwanafunzi akiichora kwenye daftari lake kwa usiku kadhaa mfululizo, atakuwa amelifikia kwa mkono wake mwenyewe jambo ambalo wanasayansi wa Ulaya waliligombania.

Neno muhimu hapo ni kutulizwa. Mtu akisimama na jumeli ya kilo moja hivi huchoka ndani ya dakika mbili. Tandika mkeka, lala chali, viwiko viwe chini au vigandishwe mbavuni. Kwa vitu vilivyo chini zaidi angani, kata mti wenye panda unaokufikia kidevuni, uusimamishe ardhini, ulaze jumeli kwenye panda. Ukikosa mti, egemea kona ya nyumba. Kisha rekebisha macho: fumba la kulia, zungusha gurudumu la katikati hadi nyota iwe nukta kali kwa jicho la kushoto, halafu fumba la kushoto, zungusha pete ya kioo cha kulia hadi iwe vivyo hivyo. Macho nayo yanahitaji dakika 20 hadi 30 gizani kabla hayajafunguka barabara, na simu moja ikiwashwa mbele yake yote yameharibika. Tochi ifungwe kitambaa chekundu.

Mwezi mpevu usikudanganye. Ukiwa mzima huwa mkali mno na hauna vivuli. Uutazame ukiwa nusu, hasa kwenye mstari ambapo mchana wake unakutana na usiku wake. Hapo jua linauangaza kwa ubavu, na mashimo na milima hutoa vivuli virefu. Na jua lenyewe lisitazamwe kwa jumeli kamwe, hata mara moja, hata linapotua: kioo kilekile kinachokusanya mwanga wa nyota kitaliunguza jicho kabla hujahisi maumivu. Tarehe 1 Septemba 2016, kupatwa kwa jua kwa pete kulipita nchini Kongo kukaingia Tanzania, na huku kwetu sehemu kubwa ya jua ilifunikwa. Siku itakaporudi hali kama ile, jumeli ibaki sandukuni, isipokuwa mikononi mwa mwalimu anayejua kuitupa taswira ya jua juu ya karatasi nyeupe.

Anga hili limewahi kutumiwa kwa bidii, ila waliolitumia walikuwa wageni. Livingstone alikaa miezi mingi ya 1870 huko Bambarre, yaani Kabambare ya leo, akiuguza vidonda vya miguu, kisha akafika Nyangwe mwezi wa tatu 1871. Cameron alifika 1874. Stanley alikuja 1876, akapatana na Hamed bin Muhammad, Tippu Tip, ambaye makao yake yalikuwa Kasongo. Wazungu hawa walibeba vyombo vya kupimia urefu wa jua na nyota, maana hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kujua uko wapi duniani. Vipimo vyao vikawa ramani huko Ulaya, na mwaka 1885, Mkutano wa Berlin ulipokwisha, ardhi yetu ilikuwa na mwenyewe mpya. Mwezi wa nne 1893 majeshi ya mwenyewe huyo mpya, yakiongozwa na Dhanis, yakaingia Kasongo. Majina ya wasafiri hao watoto wetu wanayasoma shuleni. Nyota walizozipima ni wachache wanaoweza kuzionyesha kwa kidole. Hilo linanikera, nami sioni kwa nini liendelee.

Tuna sababu nyingine ya kwetu kabisa. Kasongo ni mmoja wa miji ambako Uislamu wa Kongo ulianzia, na kila mwaka swali la mwandamo linarudi: umeonekana au haukuonekana? Karibu na ikweta mwezi mchanga hulala kama mtumbwi, pembe zote mbili juu, na hushuka karibu wima kulifuata jua, huku giza likiingia upesi. Nafasi ya kuuona ni fupi na uzi wenyewe ni mwembamba. Jumeli husaidia kuupata ulipo, na mara nyingi jicho likishajua mahali huuona peke yake. Wanazuoni wanatofautiana kuhusu ushahidi wa vyombo, na sitajitia katika hukumu yao. Hukumu hiyo ni yao. Nasema tu kwamba msikiti wenye jumeli na watazamaji waliozoea upeo wa magharibi utapunguza ubishi wa usiku ule. Sharti ni moja: jua liwe limezama kabisa kabla ya chombo kuinuliwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo waandishi wa mambo ya nyota wanaoishi kwenye amani hawalifikirii. Kabambare imeonja vita. Kuzunguka Salamabila na mgodi wa dhahabu wa Namoya, watu wenye silaha, wakiwemo Mai-Mai Malaika, wamepambana na jeshi, na raia wamekimbia vijiji vyao. Katika nchi ya namna hiyo, mtu anayesimama gizani na jumeli ataulizwa anamchungulia nani, na huenda asipewe nafasi ya kujibu. Kwa hiyo jumeli isiwe ya mtu mmoja wala ya siri. Chifu wa mtaa na mkuu wa kikosi kilicho karibu waarifiwe mchana, kwa barua yenye muhuri wa shule au parokia. Watu wakutane ndani ya ua unaojulikana. Chombo kielekezwe juu, kisielekezwe barabarani wala kambini, na kisibebwe shingoni mbele ya kizuizi. Na mahali ambapo bunduki zinasikika, hakuna cha kujadili: watu wabaki ndani, nyota zitangoja.

Shaka ya pili ni ya uchawi. Anayekesha nje bila kilio wala ngoma hunyooshewa vidole, na katika vijiji vyetu vidole hivyo vimewahi kuwaponza watu. Dawa ni ileile ya uwazi. Wazee wawe wa kwanza kutazama. Mzee aliyeona mashimo ya mwezi kwa macho yake atawaeleza wengine vizuri kuliko mwalimu yeyote.

Wapo watakaoniuliza: barabara ya Kindu ni matope, zahanati hazina dawa, na wewe unatuuzia nyota? Swali ni la haki. Lakini bei ya jumeli moja haitengenezi hata kalavati, na bajeti ya barabara haikuliwa na wapenda nyota. Mwalimu wa fizikia anafundisha lenzi kwa chaki, akichora miali ubaoni kwa wanafunzi ambao hawajawahi kushika lenzi. Jumeli ni lenzi, ni mche wa kioo, ni hesabu ya ukuzaji, vyote katika chombo kimoja kinachozunguka darasani. Hata asiyejali nyota atakubali kwamba hicho ni kifaa cha kufundishia.

Wala sitaki giza letu ligeuzwe sifa. Mama anayejifungua kwa mwanga wa tochi hafaidiki na uzuri wa Njia ya Maziwa. Tunataka umeme, na ukija uje haraka. Ombi langu kwa watakaozisimika taa za barabara ni kwamba zifunikwe juu ziangaze chini, panapopita watu. Taa ya namna hiyo haipotezi umeme mawinguni, na anga linabaki.

Majirani zetu wamekwisha kuanza. Nchini Kenya, Susan Murabana na wenzake wa Travelling Telescope huzunguka na darubini kwenye shule ambazo wanafunzi wake hawajawahi kuiona. Nchini Tanzania, Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria amefanya kazi ya miaka mingi kuwaelezea wananchi anga lao. Wanaozungumza lugha yetu wanaifanya kazi hii tayari. Kilichobaki ni ifike Lualaba.

Anayetaka kununua asikimbilie maandishi ya sanduku. Wafanyabiashara wanaokwenda Bukavu au Kalemie watakutana na jumeli zenye vioo vyekundu vinavyong'aa na namba za ajabu za mara 100 na zaidi: waziache. Ishike ya 7x50 au 10x50 umbali wa mkono, ielekeze kwenye mwanga wa mchana, tazama vioo vya nyuma: uone viduara viwili vya mwanga, vya mviringo kamili, visiwe na pembe zilizokatwa. Kisha tazama mnara wa simu ulio mbali. Ukiona minara miwili, au macho yakivutana na kichwa kikaanza kuuma, irudishe mezani, maana vioo vyake havikupangwa sawa na fundi wa mtaani hataviweza. Ikishafika nyumbani, adui yake ni unyevu, unaootesha ukungu ndani ya vioo. Isifungiwe kwenye mfuko wa ngozi ulioloa. Ikae katika kopo kavu lenye kifuniko kinachobana, na siku za jua ianikwe kivulini ipate hewa. Vumbi lipulizwe kwanza, ndipo kitambaa laini kipite.

Ninachopendekeza ni kidogo. Anga letu bora huja mwezi wa saba na wa nane, ambao ni likizo, wanafunzi wametawanyika. Basi kazi isiachiwe shule peke yake. Vyama vya vijana kama Skauti, Xaveri na Kiro, pamoja na madrasa, ndio wenye vijana wakati huo, na wanajua kuwakusanya. Vikundi viwili au vitatu vichange pesa, vinunue jumeli moja nzuri, vimteue mtunzaji mmoja, viweke daftari moja la kuandika kila usiku: tarehe, saa, hali ya hewa, kilichoonekana, nani aliona. Baada ya kiangazi kimoja daftari hilo litakuwa na kitu ambacho Livingstone na Cameron hawakutuachia, yaani anga la Maniema lililoandikwa na watu wa Maniema. Nani atakuwa wa kwanza, Kasongo au Kabambare? Mwenye kuchanga na aanze mwezi huu, maana kiangazi hakingoji mkutano wa tatu.